Mstari si jina la kanga: kuisoma Yeremia 29:11 mahali pake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naongoza kikundi cha vijana cha kujifunza Biblia hapa Tanga. Tuko 12, tunakutana Jumatano jioni Ngamiani. Mwezi uliopita mhubiri mgeni alifundisha Yeremia 29:11 ("Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho"), na kijana wetu mmoja, kibarua wa bandarini, ameamua kuacha kazi na kuchukua mkopo afungue duka la vipuri vya pikipiki, kwa kuwa Mungu "anamuwazia mema". Nilipomwambia asome sura nzima, wenzake wakanijibu kwamba kila mtu ana tafsiri yake na Roho humfunulia kila mmoja. Mimi sijasoma chuo cha Biblia, nina Biblia ya Union na simu tu. Nitajuaje maana iliyo sahihi ya andiko, na huyu kijana nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Union na simu vinatosha kuanzia. Kinachopungua kwa kawaida si vitabu, ni subira ya kusoma kurasa mbili kabla ya mstari na mbili baada yake.

Kanga ina pindo, mji na jina. Jina limekaa peke yake, halina sentensi inayolitangulia wala inayolifuata, na ndivyo lilivyokusudiwa. Dada mmoja ataivaa kumshukuru mama yake, jirani ataivaa kanga hiyohiyo kumrushia kijembe mke mwenziwe, na wote wawili wako sawa, kwa sababu maana anaitia mvaaji. Vijana wako wanausoma mstari wa Biblia kama jina la kanga. Mstari haukuzaliwa hivyo. Ni kipande kilichokatwa kwenye jora, na mara nyingi aliyekata ni mchapaji: namba za mistari ya Agano Jipya tunazotumia hadi leo ziliwekwa na Robert Estienne, mchapaji wa Kifaransa, mwaka 1551. Vichwa vya habari vyenye wino mzito navyo ni vya wachapishaji. Yeremia hakuandika "11" popote.

Na kusoma kwa muktadha si elimu ya wazungu wa chuoni. Mwimbaji wa taarabu akirusha mpasho, ukumbi mzima unaulizana: anamsema nani? Hakuna anayeridhika na maneno matupu mpaka ajue ugomvi ulianzia wapi. Majirani zetu Waislamu nao wana somo zima la sababu za kushuka aya: ilishuka wakati gani, kwa tukio gani, ikimhusu nani. Mkristo wa pwani anayeishi katikati ya watu hao hana udhuru wa kusoma Biblia kama ujumbe uliodondoka kwenye simu bila jina la mtumaji.

Sasa tuingie Yeremia 29, na tukae humo muda mrefu kidogo.

Sura hii ni barua, na mistari mitatu ya kwanza ndiyo bahasha yake. Mwandishi ni Yeremia, yuko Yerusalemu. Wapokeaji ni wazee, makuhani, manabii na watu wote ambao Nebukadreza amewachukua mateka mpaka Babeli. Wabebaji ni Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe wa mfalme Sedekia. Mstari wa 2 unatuambia barua ilikwenda baada ya mfalme Yekonia kutolewa Yerusalemu pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wafua chuma. Fungua 2 Wafalme 24:8-17 utamkuta mfalme huyohuyo kwa jina la Yehoyakini, kijana wa miaka 18 aliyekaa kitini miezi mitatu tu. Ulikuwa mwaka 597 K.K. Kwa hiyo tayari unajua "ninyi" wa mstari wa 11 ni nani: ni watu waliopigwa, wakahamishwa, na nabii wao anawaambia waziwazi kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyewapeleka huko (mstari wa 4).

Usiishie hapo. Rudi sura ya 28, maana bila hiyo sura ya 29 haieleweki. Mwaka wa nne wa Sedekia, mwezi wa 5, nabii Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba Mungu ameivunja nira ya mfalme wa Babeli, na kwamba katika "miaka miwili mizima" vyombo vya hekalu, Yekonia na mateka wote watarudi. Watu walipenda kusikia hayo, nani asingependa? Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni, Hanania akaichukua na kuivunja hadharani. Yeremia akaenda zake. Baadaye akarudi na neno: umevunja nira ya mti, itakuja ya chuma. Hanania akafa mwezi wa 7 wa mwaka uleule, miezi miwili tu baadaye.

Wenzake Hanania walikuwako Babeli pia. Barua inawataja kwa majina, Ahabu mwana wa Kolaya na Sedekia mwana wa Maaseya (huyu si mfalme), na inawaonya mateka katika mistari ya 8 na 9 wasidanganywe nao. Mwishoni mwa sura kuna Shemaya Mnehelami, ambaye aliandika barua ya malalamiko kwenda Yerusalemu akitaka Yeremia atiwe mkatale (gogo la kufungia miguu ya mfungwa). Kosa la Yeremia? Amewaandikia mateka kwamba uhamisho huu ni wa siku nyingi, wajenge nyumba (mstari wa 28).

Unaona picha inavyogeuka? Yeremia 29:11 ni sehemu ya barua iliyoandikwa *kuwapinga* wahubiri wa mafanikio ya haraka. Leo mstari uleule ndio unaotumika kuahidi mafanikio ya haraka. Hilo ndilo kosa, na ni kubwa kuliko kusahau neno moja au mawili: maneno ya Yeremia yamevishwa ujumbe wa Hanania.

Tanga tuna msemo wa waja leo waondoka leo. Mateka wa Babeli walitaka kuwa hivyo hasa, wasifungue mizigo, wasipande mti, wakisubiri miaka miwili ipite. Yeremia anawaandikia kinyume: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, ozesheni watoto, mzae, msipungue. Mji huu wa Tanga una kumbukumbu ya hali inayokaribia hiyo, kwa kuwa mashamba ya mkonge yalijaa manamba walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali, na wengi wao wakaoa hapa, wakapanda hapa, wakazikwa hapa. Mfano huo una mpaka wake: manamba hakuchukuliwa vitani na jeshi la adui, wala Mungu hakumwandikia barua. Lakini ukiwaeleza vijana hivyo, wataisikia uzito wake neno "kapandeni". Mnazi hauliwi mwaka unaoupanda.

Halafu mstari wa 7: "Kautakieni amani mji ule." Mji upi? Babeli, mji wa adui. Mkauombee, kwa kuwa katika amani yake ninyi nanyi mtapata amani. Neno la Kiebrania hapo ni *shalom*, nalo limo mara tatu katika mstari huo mmoja. Linarudi tena mstari wa 11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Kwa hiyo amani ya mstari wa 11 ina njia yake, nayo imeshachorwa katika mstari wa 7: inapitia kwenye kutendea mema mji ambao hukuuchagua. Msomaji wa Kiswahili hahitaji Kiebrania kuliona hili. Union imetumia "amani" kote kuwili. Anachohitaji ni kuanza mstari wa 4 badala ya wa 11.

Mstari wa 10 ndio mlango wa mstari wa 11: Babeli itakapotimiziwa miaka sabini, ndipo nitawajilia. Na mstari wa 11 unaanza na "Maana". Neno "maana" mwanzoni mwa sentensi ni kamba, limefungwa kwenye kilichotangulia. Ukikata kamba, mashua haiko tena bandarini. Mungu anatoa sababu ya miaka 70: msidhani nimewasahau, mimi nayajua ninayowawazia.

Piga hesabu pamoja na vijana, ubaoni. Koreshi mfalme wa Uajemi aliutwaa Babeli mwaka 539 K.K., na amri yake ya kuwaruhusu Wayahudi kurudi huwekwa mwaka 538 K.K. Ezra 1:1 inasema ilitoka ili neno la BWANA kwa kinywa cha Yeremia litimizwe. Mtu aliyekuwa na miaka 20 alipochukuliwa mwaka 597 K.K. angekuwa na miaka 79 siku ya amri hiyo. Wengi walioisikia barua ikisomwa walikufa Babeli. Kijana makini atakuuliza: 597 hadi 538 ni miaka 59, sabini imetoka wapi? Mwambie aangalie tena maneno. Miaka ni ya Babeli, "Babeli itakapotimiziwa", si ya kundi hilo la mateka. Wengine huhesabu tangu mwaka 609 K.K., utawala wa Ashuru ulipokwisha kabisa, na hadi 539 inatimia 70 kamili. Wengine huanzia 605 K.K., Nebukadreza alipowapiga Wamisri Karkemishi, na kuichukua sabini kama hesabu ya jumla. Vyovyote vile, ahadi ya mstari wa 11 iliwaelekea watu kama taifa, na matunda yake makubwa yalikuwa ya watoto na wajukuu.

"Siku zenu za mwisho" katika Union huwapoteza baadhi ya watu wakadhani ni kiama. Kiebrania kina maneno mawili yaliyowekwa pamoja, lile la mwisho wa jambo au yajayo, na lile la tumaini. Weka Biblia Habari Njema kando ya Union kwenye simu yako, soma mstari huu kwa zote mbili, na wasiwasi wa kiama utaondoka. Hii ndiyo kazi ya tafsiri mbili: zikitofautiana, zinakuonyesha kwamba hapo pana jambo la kuchunguza. Usichague ile inayokufurahisha.

Sasa namna ya kufanya haya kwa andiko lolote. Chukua daftari, kalamu ya bluu na nyekundu. Siku ya kwanza usiandike chochote, soma tu, kwa sauti, sehemu nzima inayokaa pamoja. Kwa andiko letu ni sura za 27 hadi 29, mistari 71, kama robo saa hivi. Siku ya pili nakili kwa mkono aya nzima inayouzunguka mstari wako (hapa 29:4-14) *bila kuweka namba*. Kunakili kunachosha, lakini mkono huona yale ambayo jicho huruka. Kisha kwa nyekundu pigia mstari viungio vyote: maana, kwa maana, basi, kwa hiyo, lakini, ili, ndipo. Kila kimoja kiulize kinafunga nini na nini. Kwa bluu zungushia watu: mimi, wewe, ninyi, wao, na viambishi vyake ndani ya vitenzi, kama ni-, u-, m-, wa-. Andika pembeni kila kimoja ni nani kwa jina.

Hapo kwenye viambishi Kiswahili kinatupa faida ambayo Mwingereza hana. Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa wewe na ninyi, na mahubiri mengi ya mtandaoni tunayoyaiga yametoka huko. Sisi Union inatuonyesha tofauti. Soma Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni, Shetani "amewataka ninyi", kisha, "nimekuombea wewe". Wanafunzi wote watapepetwa, mmoja anaombewa ili awaimarishe wengine. Katika 1 Wakorintho 3:16 hekalu la Mungu ni "ninyi", kanisa zima la Korintho lililokuwa likigombana kwa makundi, na onyo la mstari wa 17 ni kwa anayelibomoa kanisa hilo. Watu wameuchukua wakauhubiri juu ya sigara. Sigara ina ubaya wake, ila andiko hili halikuwa likisema hilo.

Kiswahili kina mitego yake pia. "Yeye" haisemi ni mwanamume au mwanamke. "Shetani" kwa msikilizaji wa pwani huamsha mashetani ya ngoma na ubani, jambo ambalo waandishi wa Injili hawakuwa nalo akilini. Na katika Yohana 3:8, "Upepo huvuma upendako", Kigiriki kimetumia neno moja kwa upepo na kwa Roho, hivyo Yesu anacheza na neno ambalo kwetu limegawanyika. (Mtu wa pwani anayejua kwamba upepo na pepo ni ndugu anaweza kulionja kidogo.) Kamusi ya Kiswahili haitakusaidia kupata maana ya neno la Biblia, kwa sababu inakueleza Kiswahili. Tumia itifaki (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo), au kitafutio cha programu ya simu, uone neno limetumikaje na mwandishi *yuleyule* katika kitabu *kilekile* kwanza. Kitafutio kina hatari yake: kinakuletea mistari 40 iliyokatwa kama majina ya kanga dukani. Kila unaoutaka kuutumia, ufungue sura yake.

Swali lingine ni aina ya maandishi. Barua husomwa kama barua. Waraka wa tatu wa Yohana, mstari wa 2, "naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako", umejengewa mafundisho mazima ya utajiri. Ni salamu kwa mtu mmoja, Gayo. Sisi tuliozoea "natumai u mzima wa afya kama mimi nilivyo, dhumuni la barua hii ni..." tunajua salamu ni nini. Ni dua njema ya kweli, lakini si hati ya ahadi. Mithali ni methali, na Mswahili anajua methali zinavyofanya kazi: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote kweli, kila moja kwa mahali pake. Ndiyo maana Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na 26:5 inasema mjibu. Hazipingani. Na 22:6, juu ya kumlea mtoto katika njia impasayo, si mkataba wa kumlaumu mama ambaye mwanawe amepotea.

Kuna na "historia" za kubuni zinazoletwa kama muktadha. Mtaani kwenu Ngamiani lazima mmesikia kwamba "tundu ya sindano" ya Mathayo 19:24 ni lango dogo la Yerusalemu ambalo ngamia alipita akipiga magoti baada ya kushushwa mzigo. Hakuna ushahidi wa lango hilo wakati wa Yesu. Na huhitaji mwanahistoria kulikataa, endelea mistari miwili tu. Wanafunzi wanashangaa mno wanauliza ni nani basi awezaye kuokoka, na Yesu anajibu kwamba kwa wanadamu haliwezekani. Kama ngamia angepita kwa kupiga magoti, wasingeshangaa, na jibu la Yesu lingekuwa "pigeni magoti". Kurani nayo ina msemo wa ngamia na tundu ya sindano, sura ya 7 aya ya 40, kwa maana ileile ya jambo lisilowezekana. Ukiletewa habari ya kale inayolainisha andiko gumu, ipime kwanza na mistari inayofuata.

Hoja ya "kila mtu ana tafsiri yake" inatokana kwa sehemu na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "tafsiri" kwa mambo matatu: kuhamisha lugha, kueleza maana, na kutumia andiko maishani. Watenganishie vijana. Maana ya barua ya Yeremia ni moja, nayo imefungwa kwa Yeremia na wale mateka. Matumizi yanaweza kuwa mengi, kila mtu na hali yake, mradi yote yaote kwenye shina hilo. Kazi ya Roho haikuwahi kuwa kumwondolea mtu mzigo wa kusoma. Danieli alikuwa mtu wa maono, na bado Danieli 9:2 inasema aliifahamu miaka 70 *kwa kusoma vitabu*. Na tazama alivyoitumia ahadi hiyo: mstari wa 3 unamwonyesha akifunga, amevaa magunia na majivu, akitubu dhambi za watu wake. Huyo ndiye msomaji wa kale wa ahadi hiyohiyo ya Yeremia. Kama matumizi yetu hayafanani hata kidogo na yake, tuna la kujiuliza.

Wakikuambia "lakini imeandikwa!", wafungulie Mathayo 4:6. Mjaribu ananukuu Zaburi 91, maneno ya kweli, ila anaruka kipande cha "katika njia zako zote". Yesu hasemi Zaburi ni uongo. Anajibu, "Tena imeandikwa", andiko likae pamoja na andiko lingine.

Basi kijana wako. Usimwambie kwamba mstari haumhusu. Unamhusu, kwa kupitia wale mateka: Mungu wa Yeremia hawasahau watu wake hata wakiwa mahali wasipopataka, ana wakati wake, na katika kusubiri anawataka wajenge, wapande na wautakie mema mji walipo. Andiko halimkatazi kufungua duka. Halimwamuru pia. Halisemi neno lolote juu ya mkopo wake, na hilo ndilo la kumwambia kwa upole: uamuzi wa duka unasimama au kuanguka kwa sababu za duka, asiubebeshe jina la Mungu ili usiulizwe maswali.

Ungeweza kushawishika kumpa Luka 14:28, mtu aketiye kwanza kuhesabu gharama za mnara. Usifanye hivyo, tutakuwa tumetenda kosa lilelile, kwa kuwa mistari ya 26, 27 na 33 inaonyesha kwamba gharama inayohesabiwa pale ni ya kumfuata Yesu. Andiko linalosema juu ya deni lenyewe ni Mithali 22:26-27, wale wawekao rehani na kudhamini madeni ya watu bila kuwa na cha kulipa, mpaka kitanda kikaondolewa chini yao. Hilo ni methali, si amri, lakini liko kwenye mada. Kisha mkae naye na kalamu: riba ni kiasi gani, marejesho ya kwanza ni lini, akiumwa mwezi mmoja nani analipa, na kwa nini asianze na meza ya vipuri jioni huku kazi ya bandarini ikiendelea.

Mhubiri mgeni usimkosoe mbele ya vijana. Huenda alisema zaidi ya kilichokumbukwa. Mkipata nafasi, mwombe faraghani awafundishe sura ya 28.

Jumatano ijayo msirudi Yeremia, wapumzike. Chukueni Waraka kwa Filemoni. Una mistari 25 tu, na ukinakiliwa kwa mkono bila namba unaingia kama kurasa mbili za daftari. Kila kijana awe na nakala yake. Nusu saa ya kwanza wasome kimya na kalamu mbili, wajibu manne: nani anaandika na yuko wapi, anamwandikia nani na nani wengine wanasikia, Onesimo amefanya nini na anatakiwa apokelewe vipi, na ni neno gani linalorudiwarudiwa. Mtu akisema "kwangu mimi hii inamaanisha" kabla ya nusu saa kwisha, mwambie angoje zamu yake. Wiki inayofuata Wafilipi yote, mistari 104, kwa sauti, mkipokezana. Mkifika "Nayaweza mambo yote" katika 4:13, mtakuwa mmeshapita vifungo vya 1:13 na njaa ya 4:12, na wengi watakuwa wamejua wenyewe ni mambo yapi.